Usimlaze Kifudifudi

Mteja akileta picha ya marehemu studioni, huipokei kwa mkono wa kushoto. Huiweki karibu na mkasi. Ukitaka kusoma tarehe iliyoandikwa nyuma, unaiinua na kuichungulia kwa chini, huigeuzi uso wake ukalalia kaunta. Hakuna aliyenibandikia masharti hayo ukutani. Niliyaokota kidogo kidogo kutoka kwa wateja wenyewe, na hilo la mwisho nililipata kwa mama mmoja wa Likoni aliyetaka picha ya mumewe ikuzwe. "Usimlaze kifudifudi, mwanangu," aliniambia, na sautini mwake hamkuwa na ukali wowote. Alisema vile mtu anavyomwomba nesi amgeuze mgonjwa wake polepole.

Nimefanya kazi ya picha Mombasa tangu enzi za filamu. Nilianza kwa kufagia chumba cha giza na kukata picha za pasipoti, kisha mwenye studio akanifundisha kurekebisha negativu kwa penseli. Kwenye negativu mkunjo wa uso huwa mwangavu, kwa hiyo unaujaza risasi ya penseli kwa ncha nyembamba kabisa ili mwanga usipite, na picha ikitoka mtu amepungua miaka. Kazi hiyo inakukalisha na uso wa mtu usiyemjua saa nzima, karibu kuliko mkewe anavyoutazama. Mtu angedhani basi sisi wa studio ndio wa kwanza kuziona picha kuwa na roho. Wapi! Kwetu sisi ilikuwa habari ya dawa, ya karatasi inayokaribia kuharibika, ya umeme uliokatika katikati ya kazi. Roho ililetwa na wale waliokuja kuzichukua.

Na wengine hawakuja. Chini ya kaunta tulikuwa na katoni la picha ambazo wenyewe walilipa nusu wakapotea. Baadhi yake zilikuwa kazi nzuri kuliko zote tulizopiga mwaka huo: baharia aliyeshika kofia kifuani, mapacha waliovalishwa sare, msichana mwenye gauni la kuazima akiwa ameegemea meza ya studio kwa madaha. Kila unywele ulionekana. Zilikaa humo miaka na vumbi lake, tukizipekua tu tukitafuta bahasha tupu. Sikumbuki hata siku moja mmoja wetu kuiambia neno picha ya lile katoni.

Lakini picha mbovu kuliko zote niliwahi kuziona zikisalimiwa. Wazee wengi wa vijijini, wanawake hasa, hufariki wakiwa na picha moja tu duniani, ile ya kitambulisho. Imepigwa haraka, mtu ameambiwa atazame mbele na asicheke, ametoa macho kwa hofu ya ofisi. Watoto huja nayo mbio asubuhi, mazishi ni kesho, wakitaka picha ya kubebwa mbele ya jeneza. Ukikivuta kile kipande kidogo kiwe cha kimo hicho, uso unavunjika kuwa madoa. Siku moja nilimwonya kijana, "Kaka, haitatoka safi." Akanijibu, "Itoe tu, dada. Sisi tutamjua." Nilipomkabidhi aliipokea kwa mikono miwili, akayatazama yale madoa, akasema, "Haya mama, twende nyumbani." Kisha akaomba karatasi ya kuifunika, kwa kuwa matatu za kwao zina vumbi.

Kwa hiyo ile imani ya kazini kwetu, kwamba picha inakuwa kama mtu kwa sababu imefanana naye, ilinitoka mapema. Kufanana kulikuwa tele kule katonini. Hakukumleta mtu.

Pale Likoni, karibu na kivuko, miaka ya 1990 kulikuwa na wapiga picha wenye vibanda, na nyuma yako wanatundika pazia lililochorwa meli au ndege. Vijana waliokuja pwani kutafuta kazi walisimama mbele ya ndege ya rangi, wakatuma picha kwao. Huko nyumbani picha ilibandikwa pahali pa heshima sebuleni na mgeni akatambulishwa: huyu ndiye yule wetu wa Mombasa. Sijapata kusikia mgeni akiuliza kama ndege ile huruka. Aliulizia hali ya kijana, akajibiwa, na kijana akawa amehudhuria mazungumzo.

Zilizonilisha hasa ni harusi. Mwanamke anayejua kamera alikuwa mali adimu Mombasa, kwa sababu sherehe za wanawake wa Kiislamu hapa pwani haziingii mwanamume, na usiku wa kupamba ndio mkubwa wake. Bi harusi anakalishwa kwenye jukwaa, kichwa wazi, nywele zimetengenezwa, hina imepanda mpaka juu ya viwiko, dhahabu ya mama na ya shangazi yote iko mwilini. Wageni nao wamevua mabuibui, na chini ya mabuibui kuna magauni ambayo waume zao pengine hawajayaona. Anayewaona wote hawa kwa wakati mmoja ni mpiga picha, na akiondoka anaondoka nao begini.

Hapo ndipo utaona watu wakiishughulikia picha kama wanavyomshughulikia binti mwenyewe. Enzi za filamu, mama wa bi harusi alinihesabia negativu moja moja. Aliuliza nani atazisafisha, chumba cha giza kina mlango upi, yule kijana wa kaunta huingia saa ngapi. Picha ya bi harusi haikulala studioni. Ilibidi ichukuliwe kabla ya magharibi, na aliyetumwa kuichukua alikuwa mwanamke mtu mzima. Zilipoingia mashine za kusafisha filamu kwa saa moja, zikiendeshwa na wanaume, baadhi ya familia zilipeleka filamu Nairobi kwa basi. Nilimwuliza bibi mmoja, je, huko Nairobi si wanaume vile vile? "Ni wanaume," alisema, "lakini hawatujui." Jibu hilo nimelirudia kichwani mara nyingi. Mgeni akiona picha ya nywele za binti ameona nywele. Kijana wa mtaa wa pili akiiona amemwona yeye, na kesho atapita barazani kwao akiwa amekwisha kumwona.

Siku hizi mlangoni hukaa mama mwenye kikapu, simu zote zinaingia humo, au kamera ya simu inabandikwa plasta. Nami nikimaliza, nakaa na mama wa bi harusi tukapitia kadi yote. "Hii futa. Na hii. Hapa mgongo unaonekana, futa mbele yangu." Nafuta. Anaomba nimwonyeshe tena kuwa imekwenda. Sijaona kichekesho hapo, ingawa vijana wa teknolojia hupenda kucheka. Nimewahi kushuhudia picha ya kupambwa ikivuja, si kwa mkono wangu, ikazunguka simu hadi simu mpaka ikamfikia mume. Swali lake la kwanza kwa mkewe lilikuwa, "Nani wamekuona?" Yule binti alikaa ndani muda mrefu, na alipoanza kutoka alikuwa akitembea akitafuta kwenye nyuso za watu kama wanamjua au hawamjui.

Ndoa zikivunjika, albamu inarudi studioni. Wengine wamekwisha kuifanyia kazi nyumbani kwa mkasi. Niliwahi kuletewa picha ambayo mume amekatwa akaondoka wote isipokuwa mkono, maana mkono ulikuwa umelalia bega la mke na ukiukata unakata bega. Wengine hukwaruza macho kwa pini, na hawa nawaogopa kidogo. Lakini mteja ninayemkumbuka zaidi alikaa kitini mbele ya kompyuta, akanisimamia. "Mtoe, lakini usimkate," alisema. Nilimweleza kuwa kwa kompyuta ni kitu kile kile. Akasema si kile kile, huyo ni baba wa watoto wake, hataki apatwe na jambo. Basi nikamfunika taratibu kutoka miguuni kwenda juu, nikaweka chungu cha maua pahali pake. Aliridhika. Bwana yule yuko chini ya maua mpaka leo, mzima, hajakatwa.

Khofu hiyo ya picha kuwa mlango wa kumfikia mtu iko kila siku kwenye kaunta, hata kwa waliosoma. Picha za pasipoti tukitoa nne na mteja akahitaji mbili, hizo mbili nyingine haachi. Ikitoka yenye jicho lililofumba, tukataka kuitupa, anaiomba. Atakwambia anampelekea mtoto acheze nayo. Sawa, hatubishani.

Jirani wa studio alikuwa maalim wa madrasa, mtu mcheshi, ambaye hakuwa na picha hata moja ukutani kwake. Alipokuja kupigwa picha ya pasipoti kwa safari ya Hija alisema, "Dharura hii, binti, usinihesabie." Mimi ni Mgiriama niliyebatizwa, lakini nilipenda kukaa naye barazani, na ni yeye aliyenieleza jinsi dini yake inavyolitazama jambo hili kwa uzito kuliko nilivyodhani. Nilidhani Uislamu unakataza picha kwa kuwa picha si kitu. Kumbe ni kinyume. Katika hadithi za Mtume, wachora sura siku ya Kiyama wataambiwa: vipeni uhai mlivyoviumba, nao hawataweza. Na Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, alipojiwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa kuchora, alimshauri kwamba kama hana budi basi achore miti na visivyo na roho. Nilimwuliza maalim, na kamera je? Alisema wanazuoni wamegawanyika: wako wanaosema kamera haichori, inashika kivuli tu vile kioo kinavyoshika, na wako wasiokubali hoja hiyo. "Wewe shika kauli ya kioo," aliniambia akicheka, "la sivyo utakufa njaa."

Kilichoniganda ni kisa cha pazia. Bibi Aisha, mke wa Mtume, alikuwa na pazia lenye picha, Mtume alipoliona alichukizwa, naye akalikata akalifanya mito, na Mtume akaiegemea. Nilimwambia maalim, lakini kitambaa ni kile kile! Akasema ndiyo, ila lililotundikwa linatukuzwa, na mto unakaliwa. Wenye elimu wana maneno marefu hapo, wengine husema kule kukatwa kwenyewe kuliziharibu zile sura, simo. Mimi nilichukua nilichokihitaji kwa kazi yangu. Sura inayosimama juu ya kichwa chako, nawe umesimama chini yake ukiielekea, imekwisha kuwa na amri kidogo juu yako. Iteremshe uikalie, amri imekwisha. Tangu siku hiyo mteja akiniletea fremu namwuliza itakaa wapi. Nimegundua wengi wamelifikiria hilo kabla hata ya kuja: isiwe mkabala na kitanda, isiwe karibu na choo, baba asikae chini ya mtoto wake.

Nilifahamu kisa cha pazia upesi kwa sababu upande wa baba yangu, ndani ya Kaloleni, nilikua nikiona sura ambazo hazikufanana na mtu yeyote na zikaheshimiwa kuliko picha zote za Mombasa. Ni vigango. Msomaji ambaye si wa kwetu nimweleze: ni mbao ndefu bapa za mti mgumu, zimechongwa kichwa cha mviringo na kiwiliwili chenye nakshi za pembetatu, zikasimamishwa ardhini kwa ajili ya wazee waliokuwa wa Gohu, chama cha wenye hadhi na mali miongoni mwa Wamijikenda, ambao sisi Wagiriama ni tawi lao. Asiyekuwa wa Gohu huwekewa kigingi kifupi cha kawaida cha koma, yaani roho ya marehemu. Kigango hufungwa vitambaa, hupewa chakula na tembo la mnazi, hupashwa habari za mji: mvua imekataa, fulani ameoa, fulani ni mgonjwa. Mara nyingi mzee hajawekewa mara tu baada ya kufa. Anamjia mtu wa nyumba yake ndotoni na kulalamika, au maradhi yanaingia, ndipo watu wanajua kuwa yuko nje hana pa kusimama.

Sisi watoto tulikatazwa kucheza upande ule, na hakuna aliyetutisha. Hawe, yaani bibi yangu mzaa baba, alisema tu kwamba wazee wamekaa pale na si adabu kuwarukia. Nilipokuwa mkubwa na mjuaji wa kamera nilimwuliza mbona hawakuwachonga wafanane. Aliniona mpumbavu. "Wafanane kwa nini? Si tunawajua?" Ndiyo yale yale ya kijana wa kitambulisho, miaka mingi kabla yake.

Sharti moja la kigango ni kwamba hakiondolewi. Ukoo ukihama, kinabaki. Kikiliwa na mchwa kikaanguka, kimeanguka chenyewe, hayo yamo katika mwendo wake. Kinachovunja kila kitu ni mkono wa mtu kuking'oa. Na miaka ya 1970 na 1980 vilianza kung'olewa. Vijana wenye shida ya pesa, wengine wa mji ule ule, waliviuza kwa bei ya kutupa kwa wachuuzi, na wachuuzi wakaviuza kwa watalii na kwa madalali wa sanaa, vikaishia Marekani kwenye majumba ya makumbusho na sebule za matajiri.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Mzee Kalume Mwakiru. Mwaka 1985 mtafiti kutoka Marekani, Monica Udvardy, alimpiga picha akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake waliofariki. Aliporudi kumletea picha yake, akaambiwa vimeibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wasomi huko Marekani, mwenzake Linda Giles alikuwa akionyesha picha za vigango vilivyokuwa katika mkusanyo mmoja, na Udvardy akakitambua kimoja. Cha pili nacho kikapatikana, katika chuo kikuu cha Hampton. Ilichukua miaka ya barua na mabishano. Kimoja kilikabidhiwa ukoo mwaka 2007, kwa ngoma na sherehe, na Mzee Kalume alikuwa ameshafariki. Aliondoka duniani akijua kuwa nduguze wametekwa.

Kama mtu wa studio nilifurahi sana kwamba picha ndiyo iliyotoa ushahidi. Bila ile karatasi ya 1985, nani angethibitisha ubao upi ni wa nani, katika mamia yaliyotawanyika? Halafu furaha ikapungua nilipomhadithia Hawe. Nilimwambia, kwa ujinga wangu, kwamba kwa miaka yote hiyo ukoo ungeweza kuchonga vingine. Alinyamaza kidogo akaniuliza, "Wewe wakikuchukua, tuchonge mwingine?"

Picha ya kwangu ikipotea natoa nakala. Hiyo ndiyo biashara. Lakini hata mteja wangu anajua tofauti, na nimeiona mara nyingi: nakala mpya ni safi, haina mkwaruzo, na bado anaomba arudishiwe ile kuukuu yenye alama za vidole, ile ambayo marehemu bibi aliishika. Kule Denver, Marekani, jumba la makumbusho lilikuwa na vigango 30, likakubali kuvirejesha mwaka 2014. Vilipofika Nairobi baadaye vilikwama uwanja wa ndege kwa suala la ushuru. Sijui kama ni kulia au kucheka. Kwa karatasi za forodha ni mbao zilizoagizwa kutoka nje. Kwa mtu wa Kaloleni ni wazee 30 waliofika mlangoni kwao wakadaiwa kiingilio. Mwaka 2023 makumbusho ya jimbo la Illinois nayo yakarejesha 37. Kuvirudisha nchini ni rahisi kuliko kuvirudisha mjini kwake, maana vingi vilibebwa bila mtu kuandika vilikotoka, na mzee usiyejua ni wa ukoo gani huwezi kumpa tembo ukamwambia habari za mvua. Huko ughaibuni vilitazamwa mno, chini ya taa nzuri. Havikuambiwa lolote.

Serikali nayo ina sura zake, ingawa sura hizo sikuzipenda kuzishughulikia. Nilikua wakati wa Rais Moi, ambaye aliingia 1978 akatoka 2002, na hakukuwa na duka lisilo na picha yake, juu ya rafu, pahali anapokuona ukitoa chenji. Uchaguzi ulipokwisha wenye maduka walikuja studioni na fremu zao. Karibu wote hawakutaka ile ya zamani itolewe. "Weka mpya juu yake," walisema. Kumtupa rais jaani ilikuwa na uzito fulani, hata kwa aliyempigia kura ya kumwondoa. Fungua fremu ya duka la zamani Mombasa utakuta marais wamewekana mgongoni.

Katiba ya 2010 ilikataza, kifungu cha 231, noti na sarafu kuwa na sura ya mtu yeyote. Sarafu mpya za wanyama zilitoka 2018, noti 2019, nazo noti zikaja na KICC, lile jengo la mikutano la Nairobi, na mbele ya jengo, kwa udogo wake, sanamu ya Jomo Kenyatta aliyekaa kitini. Mwanaharakati Okiya Omtatah akaenda mahakamani kwamba hiyo nayo ni sura ya mtu. Mahakama haikumkubalia. Studioni tulibishana wiki nzima: picha ya sanamu ya mtu ni picha ya mtu, au ni picha ya jiwe? Mwenye studio, ambaye huwa hasemi sana, alisema kama haina uzito mbona wameiweka, na kama ina uzito mbona wameipunguza.

Kisha ikaja ile ya kuzifanya picha zitikisike. Februari 2021 kampuni ya MyHeritage ilitoa huduma ambayo unaipa picha ya zamani, nayo inamfanya mtu apepese macho, ageuze kichwa, atabasamu kidogo. Vijana wakaanza kuniomba. Mwanzoni nilifikiri sasa hayo yote ya kusalimia karatasi yatakamilika. Mtu aliyekuwa akiongea na picha isiyojibu leo ataitikiwa kwa kichwa.

Walikuja ndugu wawili, kaka na dada, na picha ya baba yao aliyekuwa fundi wa mashua. Picha yenyewe nzuri, ya studio nyingine ya mjini iliyokwisha kufungwa, mzee amekaza uso, kofia ya kito imekaa sawa, macho yanaelekea pembeni ya kamera. Dada ndiye aliyetaka. Niliiweka, tukasubiri, na mzee akapepesa. Akageuza kichwa kulia, kushoto, akatabasamu.

Dada alilia na kucheka pamoja. Kaka alisogea nyuma hatua moja. "Zima," alisema. Nikadhani ameogopa, nikaanza kumweleza kuwa ni kompyuta tu. Hakuwa ameogopa. "Baba hakuwahi kutabasamu hivyo. Huyu ni nani?" Dada akamwambia amuangalie vizuri, macho si yale yale? Kaka akasema macho ni yale, lakini anayeyamiliki ni nani. Alivyoeleza ni kwamba nyumbani anapoitazama ile picha ya ukutani huwa anamwambia baba mambo, na kwa jinsi baba alivyokaza uso anajua angejibu nini: kazi imekwenda vibaya, uso ule unasema rudia, mtoto amefaulu, uso ule unasema vyema lakini usimsifu mbele yake. Hili tabasamu lilikuwa likisema nini? Lilitokea kwa kila jambo, kwa muda ule ule, likarudi mwanzo.

Nilimwelewa. Nilimwelewa na dada pia, ambaye baba yake alifariki yeye angali mdogo na hakumbuki uso ule ukikaza wala ukilegea. Kwake hakukuwa na tabasamu la kweli la kulinganisha. Tabasamu la kompyuta ndilo la kwanza kupewa na baba.

Kaka alilipia nakala moja ya karatasi, saizi ya kutundika, akaulizia fremu isiyo na kioo kinachong'aa. Dada alilipia video, akanipa namba nimtumie, na kabla hawajafika barabarani alikuwa ameshaiweka kwenye kundi la ukoo. Kwa habari nilizopata kwa shangazi yao, aliyekuja wiki iliyofuata kutaka naye atengenezewe ya kwake, kaka alijitoa kwenye kundi jioni ile ile, na watu wa nyumba bado wanagombana kama apigiwe simu arudi au video ndiyo ifutwe. Shangazi alitaka ya mama yake. Nilimwuliza mama alikuwa akitabasamu vipi, maana ile programu ina namna zake. Akafikiri sana, akasema hebu subiri kwanza, akapiga simu kwa dada yake Kilifi kuuliza.